Kusoma Kitabu cha Sheria kwa Taroti na Herufi za Kabala: Mwongozo wa Anayeanza

Maswali ni yale yale. Mtu amepata Kitabu cha Sheria kwenye simu, amekisoma usiku mmoja, amekutana na namba na majina ya karata, kisha anauliza: hizi namba zinatoka wapi? Tsade ni nani? Ni lazima niwe na karata? Nikikisoma, nimeshajiunga na kitu? Nimeyajibu kwa ujumbe wa simu, nimeyajibu kwenye benchi tukisubiri kivuko cha Kamanga, na sasa nayaweka mahali pamoja ili mwenye kuanza hapa Mwanza, au Bukoba, au Musoma, asianze gizani.

Nadharia nitaipunguza. Utakachohitaji kujua kabla ya kazi ni haya.

Kitabu cha Sheria, kwa Kilatini Liber AL vel Legis, ndicho andiko takatifu kuu la wafuasi wa Thelema, dini iliyotokana na kitabu hicho hicho. Mwingereza Aleister Crowley (1875–1947) alisema alikiandika mjini Cairo kwa siku tatu, tarehe 8, 9 na 10 Aprili 1904, kuanzia saa sita mchana hadi saa saba, akinakili maneno ya sauti iliyojulikana kwa jina la Aiwass. Sehemu ya maji ya Nile yanayopita Cairo hutoka katika ziwa hili letu la Victoria, na mimi hupenda kulikumbuka hilo ninapokifungua. Kina sura 3 na aya 220: sura ya kwanza aya 66, ya pili 79, ya tatu 75. Kila sura ina msemaji wake. Wa kwanza ni Nuit, anga lenye nyota. Wa pili ni Hadit, nukta iliyo katikati ya kila kitu. Wa tatu ni Ra-Hoor-Khuit, yaani Horus, mungu wa kale wa Misri, akiwa mungu wa vita.

Kabala ni elimu ya siri ya Wayahudi, na ni ya kale kuliko mambo haya yote. Taroti ilianza kama mchezo wa karata kaskazini mwa Italia katika karne ya 15. Waliozifunga karata 22 kubwa na herufi 22 za Kiebrania ni Wazungu wa baadaye sana, hasa Éliphas Lévi wa Ufaransa katika karne ya 19, kisha chama cha Golden Dawn kilichoanzishwa London mwaka 1888. Crowley aliingia chama hicho mwaka 1898, na jedwali utakalolitumia hapa ni lao, pamoja na badiliko moja la herufi alilolifanya yeye. Kwa hiyo usimwambie Myahudi kwamba Musa alikuwa na karata.

Vitu vya kuandaa

Nakala ya kitabu kwa Kiingereza, iliyochapishwa kwenye karatasi. Ni kifupi, steshenari yoyote ya mjini itakuprintia kwa dakika chache. Usifanye kazi hii kwenye simu, maana utahitaji kuandika pembeni mwa aya. Tafsiri ya Kiswahili uitengeneze mwenyewe kando kwa kujielewesha, lakini hesabu zote zifuate maandishi ya asili. Kitabu chenyewe, sura ya tatu aya ya 47, kinasema kitafsiriwe kwa lugha zote ila daima kiambatane na mwandiko wa kwanza.

Kaunta buku moja, penseli, kifutio na rula.

Karata 22 kubwa. Zinazofaa zaidi ni za Thoth, alizozichora Frieda Harris kwa maelekezo ya Crowley kati ya 1938 na 1943. Usipozipata, chukua karatasi ya manila, ikate vipande 22 na uandike kila kimoja herufi, thamani na jina la karata. Nasema hivi kwa moyo wote: karata ulizozikata mwenyewe zitakufundisha upesi kuliko za kununua, kwa sababu kila moja umeiandika kwa mkono wako. Picha za Thoth uziangalie kwenye simu inapobidi.

Biblia, kama unayo. Zaburi ya 119 imepangwa kwa mafungu 22 ya aya nane nane, fungu moja kwa kila herufi ya Kiebrania. Ukiitazama utaona kwamba kupanga andiko kwa herufi si jambo geni.

Na kama ulipita madrasa ukafundishwa abjadi, umeshavuka nusu ya safari. Thamani za alif, be, jim, dal hadi te yenye 400 ndizo zile zile za herufi za Kiebrania. Anayeelewa jinsi Bismillahi inavyofika 786 hana haja ya kuelezwa maana ya kuhesabu neno, yaani kujumlisha thamani za herufi zake.

Hatua

1. Soma kitabu chote mara moja bila penseli. Usihesabu chochote. Sikiliza nani anasema na kwa sauti gani. Nuit anaita kwa upendo, Hadit anasema kwa fumbo na kiburi, Ra-Hoor-Khuit anatisha. Usipozitofautisha sauti hizi, baadaye utachukua ufunguo wa Hadit ukaupachika kwenye mlango wa Nuit.

Onyo la kwanza na kubwa kuliko yote liko hapa. Sura ya tatu ina aya zinazotaja damu, na nyingine zinataja mtoto. Hakuna usomaji wa taroti, wa Kabala wala wa kitu kingine chochote unaokuruhusu kumdhuru binadamu au mnyama. Katika kanda yetu watu wenye ualbino wameuawa na vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya mambo yaliyoitwa siri. Aya hizo zisome kama alama au ziruke. Mtu yeyote akikuambia zifuatwe kama zilivyoandikwa, ondoka, na mwambie mwenyekiti wa mtaa au polisi.

2. Andika jedwali la herufi kwenye ukurasa wa kwanza wa kaunta buku. Liandike kwa mkono. Mpangilio ni herufi, thamani yake, karata, na namba ya karata katika mabano:

Alefu 1, Mjinga (0)
Bethi 2, Majusi (1)
Gimeli 3, Kuhani wa Kike (2)
Dalethi 4, Kaisari wa Kike (3)
He 5, Nyota (17)
Vau 6, Kuhani Mkuu (5)
Zaini 7, Wapenzi (6)
Hethi 8, Gari la Vita (7)
Tethi 9, Nguvu (11)
Yodi 10, Mtawa (9)
Kafu 20, Gurudumu la Bahati (10)
Lamedi 30, Haki (8)
Memu 40, Aliyetundikwa (12)
Nuni 50, Mauti (13)
Sameki 60, Sanaa (14)
Aini 70, Ibilisi (15)
Pe 80, Mnara (16)
Tsade 90, Kaisari (4)
Kofu 100, Mwezi (18)
Reshi 200, Jua (19)
Shini 300, Enzi (20)
Tau 400, Ulimwengu (21)

Kosa linalowaangusha wengi: kuchanganya thamani ya herufi na namba ya karata. Hethi ina thamani 8, lakini karata yake ni ya 7, na njia yake kwenye Mti wa Uzima, mchoro wa Kabala utakaouchora hatua ya 3, ni ya 18. Ni namba tatu za kitu kimoja. Kila unapoandika namba daftarini, andika pembeni ni ya aina gani: T kwa thamani, K kwa karata, N kwa njia. Usipofanya hivyo, baada ya kurasa chache hutajua ulichokifanya.

3. Chora Mti wa Uzima. Duara kumi kwa nguzo tatu. Juu kabisa Kether, chini yake kulia Hokma na kushoto Bina, kisha Hesedi kulia na Gebura kushoto, Tifareti katikati, Netzaki kulia, Hodi kushoto, Yesodi katikati, na Malkuti chini kabisa. Njia 22 zinaziunganisha, kila njia na herufi yake, na zinahesabiwa kuanzia 11 hadi 32 kwa sababu duara zenyewe ni 1 hadi 10. Usijitese kukariri njia zote sasa. Weka mchoro ukutani au ndani ya jalada la daftari, utaujua kadiri unavyoutumia.

4. Chagua aya moja, na iwe aya inayoita hesabu yenyewe. Aya za kitabu hiki naziona za namna tatu. Zipo zinazotaja karata au herufi waziwazi. Zipo zinazotaja namba. Na zipo, tena nyingi, zinazosema jambo lake kwa maneno ya kawaida, kama ile ya sura ya kwanza aya ya 3: kila mwanamume na kila mwanamke ni nyota. Anayeanza abaki kwenye namna mbili za kwanza. Ile ya tatu ukiilazimisha ihesabike itahesabika tu, kwa maana herufi hazikatai, lakini utakuwa unasoma mawazo yako.

Na hiyo aya ya nyota haihusiani na kusafisha nyota kwa mganga. Wanaofika wakiwa na wazo hilo huwa naomba waliweke chini kwanza.

5. Hesabu, ukianza na mfano huu mwepesi. Sura ya kwanza, aya ya 24 na 25. Nuit anasema neno lake ni sita na hamsini, kisha anaagiza: gawa, jumlisha, zidisha, uelewe.

Hamsini ni Nuni, sita ni Vau. Nuni na Vau ni Nu, yaani jina lake lenyewe. Jumlisha: 56. Jumlisha tarakimu zake, 5 na 6: 11. Nenda aya ya 60 ya sura hiyo hiyo, utamkuta anasema namba yangu ni 11. Hujaenda nje ya kitabu na tayari aya moja imejibu nyingine. Sasa zidisha: 6 mara 50 ni 300, nayo ni thamani ya Shini, ambayo karata yake ni Enzi. Tafuta picha ya karata hiyo katika Thoth. Utaona mwili wa Nuit umejipinda kuizunguka karata yote, Hadit yupo kama duara lenye mabawa, na Horus yupo mara mbili, kama mtoto aliyesimama mbele na kama Ra-Hoor-Khuit aliyeketi nyuma yake. Wasemaji wote watatu wa kitabu wamo katika karata moja iliyopatikana kwa kuzidisha neno la mmoja wao.

Hapa anayeanza huruka kwa furaha. Furahi, ila andika jambo moja daftarini: karata hiyo ilichorwa zaidi ya miaka thelathini baada ya kitabu, na aliyeielekeza alikijua kitabu hicho vizuri. Kwa hiyo picha si ushahidi kwamba aya ni ya kweli. Ni maelezo ya mtu aliyeisoma kabla yako, na thamani yake ni hiyo. Hesabu ni swali unaloiuliza aya. Jibu lazima litoke kwenye aya.

6. Weka karata mezani na usome aya mbili pamoja. Hapa ndipo utamu wa kazi ulipo, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Chukua sura ya kwanza aya ya 46. Inasema Si-kitu ni ufunguo wa siri wa sheria hii. Wayahudi huuita sitini na moja, mimi nauita nane, themanini, mia nne na kumi na nane. Anza na 61. Neno la Kiebrania la kutokuwepo ni Ain: Alefu 1, Yodi 10, Nuni 50. Jumla 61. Limefunguka. Nane ni Hethi. Themanini ni Pe. Na 418? Andika jina la herufi Hethi kwa ukamilifu wake: Hethi 8, Yodi 10, Tau 400. Jumla 418. Neno Abrahadabra linalojitokeza sura ya tatu nalo lina jumla hiyo hiyo, na lina herufi 11, namba uliyoikuta kwa Nuit. Lihesabu mwenyewe, ni zoezi zuri: Alefu, Bethi, Reshi, Alefu, He, Alefu, Dalethi, Alefu, Bethi, Reshi, Alefu.

Kwa hiyo namba tatu zimeleta karata mbili tu: Gari la Vita, ambalo limekuja mara mbili, na Mnara. Ziweke mezani, moja kushoto, moja kulia. Kwenye Gari la Vita la Thoth, aliyeketi amefunikwa deraya mwili mzima, hashiki hatamu, mikononi ana kikombe kitakatifu tu. Kwenye Mnara ngome inaporomoka, watu wanaanguka, juu kuna jicho lililo wazi, na pembeni kuna njiwa na nyoka. Umbo moja limefungwa, jingine limevunjwa.

Sasa fungua aya ya 57 ya sura hiyo hiyo. Inasema kuna upendo na upendo, kuna njiwa, na kuna nyoka, chagueni vyema. Nabii, yaani Crowley, amechagua, inaendelea, akiijua sheria ya ngome na siri kuu ya Nyumba ya Mungu. Nyumba ya Mungu ndilo jina la karata ya Mnara katika karata za kale za Kifaransa. Hiyo ni Pe. Na Hethi kwa Kiebrania ni ukuta au uzio, kitu kinachozungushwa ili kulinda. Mimi naisoma ngome ya aya ya 57 kuwa hiyo. Basi aya ya 46 imetaja kwa namba zile herufi mbili ambazo aya ya 57 inazitaja kwa picha, na ya kwanza inaziita Si-kitu huku ya pili inaziita upendo. Nikizisoma pamoja naona hivi: mwenye kupenda chini ya utashi wake wa kweli hujenga uzio wa kuubeba upendo huo, na hukubali pia nyumba ya nafsi yake ibomolewe hadi pasibaki kitu. Upendo mmoja una kazi zote mbili. Hiyo ni tafsiri yangu. Ipime, usiimeze.

Aya ya 57 haijaisha. Inamalizia kwa kusema herufi zote za kale za kitabu ni sahihi, lakini Tsade si Nyota. Katika jedwali la Golden Dawn, Nyota ilikuwa Tsade na Kaisari alikuwa He. Suluhisho la Crowley lilikuwa kuwabadilishana: Kaisari akapewa Tsade, Nyota ikapewa He, na namba za karata zikabaki zilivyokuwa. Ndilo badiliko nililolitaja mwanzoni, na jedwali la hatua ya 2 linalo tayari.

Badiliko hilo lina mwenzake. Golden Dawn walikuwa wamebadilishana nafasi za Nguvu na Haki ili zifuate mpangilio wa nyota za anga, Simba na Mizani, huku Mashuke, yaani karata ya Mtawa, ikibaki katikati. Crowley aliziacha herufi zao hivyo, ila akazirudishia karata namba za kale, Haki 8 na Nguvu 11. Tsade na He nazo zinazunguka Samaki, yaani karata ya Mwezi, na pande zake kuna Ndoo na Kondoo. Ukilichora duara la buruji 12 utaona vitanzi viwili vinavyotazamana. Chora. Kueleza kwa maneno hakutoshi hapa.

7. Jaribu aya inayotaja karata kwa majina. Sura ya pili, aya ya 16. Hadit anasema: mimi ni Kaisari wa Kike na Kuhani Mkuu, hivyo kumi na moja, kama bibi arusi wangu alivyo kumi na moja. Bibi arusi ni Nuit, na 11 yake unaijua. Kwa Hadit tumia namba za karata: 3 na 5 ni 8. Mbona anasema 11? Kwa sababu 8 na 11 ndizo namba ambazo Haki na Nguvu hubadilishana. Maelezo haya aliyatoa Crowley mwenyewe, akaongeza kwamba 8 ni Hethi, Hethi ni 418, na 418 ni neno lenye herufi 11. Fuata mnyororo huo polepole kwa penseli.

8. Rudi kwenye aya na uipime tafsiri yako. Funga jedwali, geuza karata, soma aya peke yake kwa sauti. Je, namba au herufi uliyoitumia imetajwa na aya, au umeileta wewe? Je, kuna neno ambalo hukulielewa na sasa unalielewa? Je, mwenzako akiisoma aya bila karata anaweza kuona unachokiona, hata kama hakubaliani nawe? Tafsiri isiyopita hata swali moja kati ya haya ichore mstari. Usiifute, ichore mstari tu, maana siku nyingine itakuonyesha jinsi ulivyokuwa unafikiri.

Hesabu huvuta maana kama karabai za wavuvi zinavyovuta dagaa usiku wa giza. Zikija nyingi kwa mara moja si dalili kwamba umefika. Ni dalili kwamba taa inawaka. Kazi ni kuchagua.

9. Andika tarehe, iache wiki moja, uisome tena. Usiitangaze kabla ya hapo. Mwaka 1925, akiwa Tunis, Crowley alitoa maelezo mafupi yanayosema kwamba kukichunguza kitabu hiki kumekatazwa, kwamba ni busara kukiharibu baada ya kukisoma mara ya kwanza, na kwamba maswali yote ya Sheria yaamuliwe kwa kurejea maandishi yake, kila mtu kwa nafsi yake. Wafuasi wa Thelema wanaliheshimu agizo hilo kwa namna mbalimbali. Mimi nalielewa kwamba hakuna mwenye mamlaka ya kumlazimisha mwingine tafsiri. Ndiyo maana hapa nimeonyesha njia ya kufanya kazi, na mifano yangu isigeuzwe mafundisho.

Ukikwama

*Jumla yangu haifanani na niliyoiona kwingine.* Angalia tahajia kwanza, kisha lugha. Thelema na Agape, utashi na upendo, zote mbili zina jumla 93, lakini kwa herufi za Kigiriki. Thelema ni 9, 5, 30, 8, 40, 1. Agape ni 1, 3, 1, 80, 8. Ukizihesabu kwa Kiebrania utapotea. Pia herufi tano za Kiebrania zina umbo la mwisho wa neno, na wapo wanaozipa thamani za 500 hadi 900. Chagua mtindo mmoja, uandike juu ya ukurasa, usichanganye.

*Karata zangu zina Nguvu 8 na Haki 11.* Hizo ni za mtindo wa Rider, wa mwaka 1909. Zitumie bila wasiwasi, ila kumbuka namba hizo mbili zimekaa kinyume na Thoth, na hasa majina matano yanatofautiana: Nguvu ni Tamaa kwa Crowley, Haki ni Usawazisho, Kiasi ni Sanaa, Hukumu ni Enzi, Dunia ni Ulimwengu. Yaandike kwa penseli pembeni mwa karata.

*Aya ya 76 ya sura ya pili ina mfululizo wa namba na herufi. Inamaanisha nini?* Iache. Aya yenyewe inamwambia nabii kwamba hajui maana yake wala hatajua kamwe, na kwamba atakuja mwingine wa kuieleza. Wengi wamedai kuifungua. Anayeanza nayo hapa hupoteza mwaka.

*Tafsiri mbili zinapingana na zote zimepita vipimo.* Ziandike zote mbili, moja kila ukurasa, zikitazamana. Kitabu hiki huzungumza kwa vinyume, na Hadit anajiita mkamilifu kwa kuwa Si-kitu. Usiharakishe kuchagua.

*Naziona namba hizi kila mahali, kwenye namba za daladala, kwenye saa, kwenye risiti.* Funga daftari kwa muda. Lala, kula, fanya kazi zako, kaa na watu. Ukikosa usingizi mfululizo au ukihisi namba zinakuamuru, nenda zahanati au hospitali useme ukweli. Hakuna aya inayokutaka uumwe.

*Mtu ananiomba nimtazamie kwa karata ni nani kamroga.* Kataa. Kataa hata akiwa shangazi yako, hata akilia. Jina moja likitajwa kwa mzaha mbele ya karata linaweza kumgharimu bibi wa watu maisha yake. Karata hizi kwenye kazi hii ni herufi za kusomea andiko, basi.

*Nyumbani wanasema nimejiunga na Freemason.* Waonyeshe daftari. Eleza kwa adabu kwamba unasoma kitabu, na kusoma si kujiunga. Kama wazazi wako hawataki kitu hicho kiwe ndani ya nyumba yao, nyumba ni yao. Soma ukiwa na kwako. Na yule aliyebandika tangazo kwenye nguzo ya umeme kwamba atakuunganisha upate utajiri, ukilipa kwanza ada ya fomu, ni tapeli. Kitabu hiki hakiuzi utajiri kwa mtu.

*Nimemaliza mifano yote. Niendelee na aya gani?* Sura ya pili, aya ya 15, ambayo nimeiruka kwa makusudi. Hadit anasema namba yake ni tisa kwa wapumbavu, lakini kwa wenye haki yeye ni nane, na mmoja ndani ya nane. Weka mezani karata tatu: Mjinga, Nguvu na Haki. Andika thamani ya herufi na namba ya karata kwa kila moja, kwa mtindo wa Thoth na kwa mtindo wa Rider, kila namba na alama yake ya T au K, kisha anza.